Malipo sawa kwenye kandarasi za serikali hukaguliwa kwenye masta rolo

Faili nyingi za zabuni zinazofunguliwa Nakuru, Kisumu au Kakamega siku hizi zina karatasi moja safi sana: sera ya kampuni kuhusu usawa wa jinsia, imepigwa muhuri na kusainiwa na mkurugenzi. Kamati ya tathmini huiwekea tiki na kufungua ukurasa unaofuata. Baada ya hapo karatasi hiyo haisomwi tena na mtu. Kazi inaanza, mama anasimamishwa na bendera mbele ya malori kwa shilingi 600 kwa siku, saidia fundi analipwa 700, na ukiuliza ofisi iliyotoa kandarasi ni nani analipwa nini pale site, hakuna aliye na jibu.

Sheria si tatizo hapa. Tatizo ni kwamba masta rolo, yaani orodha ya vibarua na malipo yao, haijawahi kuwa sharti la mkandarasi kulipwa. Anayetaka malipo sawa aanzie hapo.

Tuiweke sheria mezani kwa ufupi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Hakisemi kazi ileile, kinasema thamani sawa, na tofauti hiyo ndiyo inayobeba mzigo wote, kama tutakavyoona. Kifungu hichohicho kinasema kesi ikifika mahakamani, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Tena kinaruhusu waziwazi hatua za kuwainua waliobaguliwa, kwa hivyo mkandarasi anayetenga nafasi za mafunzo kwa wanawake pekee havunji sheria, hata foremani akilalamika. Kenya pia iliridhia mikataba ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 100 na 111, kuhusu malipo sawa na ubaguzi kazini, mwaka 2001, na Kifungu cha 27 cha Katiba, kile cha usawa na kutobaguliwa, kinajulikana na kila mtu.

Meno ya sheria yamo kwenye Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015. Kifungu cha 55 kinasema mzabuni anastahili tu ikiwa hana hatia ya kukiuka vibaya sheria na taratibu za ajira ya haki. Kifungu cha 41 kinaorodhesha kosa hilohilo kati ya sababu za kumfungia mkandarasi asipate kazi ya serikali kwa muda usiopungua miaka 3. Maafisa wengi wa ununuzi hukumbuka sehemu ya ufisadi na ya kodi, hii ya ajira wanairuka. Lakini hapa pana mtego: neno lililotumika ni kuwa na hatia. Malalamiko ya simu hayatoshi. PPRA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, ikipelekewa ombi la kumfungia mtu bila hukumu ya mahakama au matokeo rasmi ya afisa wa leba, ombi hilo litaanguka. Kwa hivyo afisa wa ununuzi asiyeandikiana barua na ofisi ya leba ya kaunti yake ameshika panga lisilo na mpini.

Wenzetu Marekani walikuwa na njia nyingine. Tangu 1965, agizo la rais namba 11246 liliwalazimu wakandarasi wa serikali kuu kutobagua na kuchukua hatua za usawa, na ofisi maalum ilikuwa na uwezo wa kuitisha rekodi zao za mishahara hata kama hakuna mfanyakazi aliyelalamika. Kampuni yenye wafanyakazi 50 na kandarasi ya dola 50,000 ilitakiwa kuwa na mpango wa maandishi. Januari 2025 agizo hilo lilifutwa kwa agizo jingine la rais. Sharti letu limo ndani ya sheria ya Bunge, haliwezi kufutwa kwa saini moja. Tulichokosa ni ile tabia yao ya kuitisha rekodi kabla ya mtu kulia.

Kazi ya kwanza inafanywa kabla ya tangazo la zabuni kutoka. Masharti maalum ya mkataba yaseme mambo matatu: mkandarasi atawasilisha orodha ya wafanyakazi na malipo kila mwezi, hati yake ya kudai malipo haitashughulikiwa bila orodha hiyo, na ikipatikana tofauti ya malipo isiyo na sababu, ofisi iliyotoa kandarasi ina haki ya kuzuia kiasi hichohicho mpaka wafanyakazi walipwe. Bila hilo la tatu, usijaribu kuzuia hata shilingi. Mkandarasi atakupeleka kwa msuluhishi wa mkataba na atashinda, kwa sababu amefanya kazi iliyopimwa na wewe huna kifungu cha kusimamia. Mikataba mikubwa ya mtindo wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, tayari ina sura ya wafanyakazi inayotaka viwango vya malipo visipungue vya fani hiyo katika eneo hilo, na rekodi za waliopo site zitolewe. Injinia mkaazi huwa nayo mezani. Shida ni kandarasi ndogo za kaunti, zile za milioni 3 au 8, ambazo sura hiyo haimo.

Halafu weka pesa kwenye BQ, ile orodha ya kazi na bei zake. Kutunza rekodi, choo cha wanawake kilicho peke yake na chenye kufungika, chumba cha kubadilishia nguo: kila kimoja kiwe na mstari wake kwenye kazi za awali. Kitu kisicho na bei hakitajengwa, na wanawake watakuwa wanavuka barabara kuomba choo kwenye kioski. Hapo wengi huacha kazi wiki ya pili, na mkandarasi anaandika kwamba wanawake hawapendi kazi ya barabara.

Masta rolo yenyewe iwe na nini? Jina na namba ya kitambulisho, jinsia, cheo, kazi aliyofanya hasa, siku au vipande, kiwango, marupurupu, makato, pesa aliyopokea mkononi, na namba ya muamala wa M-Pesa. Safu mbili ndizo zinazookoa ukaguzi. Ya kwanza ni "kazi aliyofanya hasa", kwa sababu cheo kinaweza kudanganya. Ya pili ni namba ya muamala. Malipo ya fedha taslimu kwenye bahasha hayakaguliki. Anayesaini kwa kidole gumba amesaini alichoonyeshwa, si alichopewa.

Orodha ya mwezi ikifika, usiisome peke yake. Iweke kando ya P10 ya mkandarasi, yaani taarifa yake ya kodi ya mishahara ya kila mwezi kwenye mfumo wa iTax, na michango ya NSSF (pensheni) na SHA (bima ya afya) ya mwezi huohuo. SHA inakata asilimia 2.75 ya mshahara na ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na 1.5 kwa mwajiri, kwa hivyo ukiwa na mchango unaweza kurudi nyuma hadi kwenye mshahara uliotangazwa. Masta rolo ikiwa na watu 40 na michango ikawa ya watu 22, tayari unajua pa kuanzia maswali. Kumbuka pia kwamba jinsia na hali ya afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nakala inayozunguka ofisini ifichwe namba za vitambulisho, na isitumwe kwenye grupu la WhatsApp la mradi. Hili la WhatsApp linatokea kila mara.

Ziara ya site isitangazwe. Saa moja asubuhi ni nzuri kuliko saa tano, maana majina yanaitwa wakati huo. Hesabu vichwa kwanza, ndipo uombe rejista. Kwenye kundi la watu 40 zungumza na 12 hivi, na kama wanawake ni wachache zungumza nao wote. Waite mmoja mmoja, mbali na foremani, na usiulize "unalipwa sawa?" kwa sababu utajibiwa ndiyo. Uliza: jana ulifanya nini kuanzia asubuhi? Pesa ya Jumamosi iliingia kwa namba gani? Ilikuwa ngapi? Kuna uliyomrudishia mtu? Swali la mwisho ndilo zito. Udanganyifu unaotokea mara nyingi ni huu: kwenye karatasi mama ni saidia fundi wa 700, M-Pesa inaonyesha 700, halafu jioni 100 inarudi kwa foremani kama "ya kukuweka kazini". Kwa nyaraka, kila kitu ni sawa. Muamala wa pili, wa kutoka kwa mfanyakazi kwenda kwa foremani, ndio ushahidi, na mfanyakazi anao kwenye simu yake.

Sasa hesabu. Tuseme site ina wanaume 26 na wanawake 14. Mafundi ni 9, mmoja wao mwanamke, na wote wanalipwa 1,200. Saidia fundi ni wanaume 18 na wanawake 9, wote 700. Washika bendera ni wanawake 4, kila mmoja 600. Wastani wa wanaume ni takriban shilingi 854 kwa siku, wa wanawake 707. Pengo ni asilimia 17. Mkandarasi atasema, na atakuwa na hoja, kwamba fundi ni fundi na kibarua ni kibarua, hakuna aliyeonewa ndani ya kundi lake. Msimkubalie haraka, na msimkatae haraka.

Chukua mshika bendera na saidia fundi. Wapime kwa vigezo vinne vinavyotumika kupima thamani ya kazi: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira, kila kimoja kwa alama 1 hadi 5. Saidia fundi: ujuzi 2, juhudi 5, wajibu 2, mazingira 4. Jumla 13. Mshika bendera: ujuzi 2, juhudi 2, lakini wajibu 5, kwa sababu akikosea lori linaingia kwa wenzake mtaroni, na mazingira 4, vumbi na jua siku nzima barabarani. Jumla 13. Kazi mbili tofauti kabisa, thamani ileile, na tofauti ya shilingi 100 inayomwangukia mwanamke kila siku. Hapo ndipo kifungu cha 5 kinapouma. Kwa siku 26 kwa mwezi na miezi 5 ya mradi, watu 4, deni ni 52,000. Hicho ndicho kiasi cha kuzuia kwenye cheti cha malipo kinachofuata. Si asilimia 10 ya cheti kizima, wala si kusimamisha kazi.

Ukirekebisha hao wanne, wastani wa wanawake unapanda hadi karibu 736, na pengo linabaki asilimia 14. Hilo lililobaki halitibiwi na kifungu cha malipo sawa. Linatokana na mafundi wanaume 8 dhidi ya mmoja. Dawa yake ni nafasi: nani anapelekwa kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, daraja la 3 kwanza, kisha la 2 na la 1, nani anaachiwa roller wakati dereva ameenda kula. Mkandarasi anayeambiwa "una pengo la asilimia 17, rekebisha" bila kutenganishiwa magonjwa haya mawili atapandisha mishahara ya wanawake watatu wa ofisini ili wastani ukae vizuri, na barabarani pabaki vilevile.

Kuna tofauti za malipo ambazo ni halali, na mkaguzi asiyezijua huaibika. Cheti cha juu zaidi, miaka ya kazi, kazi ya usiku, vipande vingi vilivyopimwa kwa kipimo kilekile. Mahali pia: agizo la mishahara ya chini hutofautisha majiji, miji mingine na sehemu zilizobaki, kwa hivyo kibarua wa Nakuru mjini na wa Kuresoi wanaweza kutofautiana bila ubaguzi, na ujenzi una agizo lake la mishahara. Sharti ni moja tu: sababu iwe imeandikwa kabla ya malipo, na iwe inawafikia wote. Sababu iliyobuniwa siku ya ukaguzi huwa inajulikana kwa sauti yake.

Sehemu za kujificha ni nyingi. Kiwango cha siku kinafanana lakini overtime inapewa wanaume pekee, kwa kisingizio kwamba akina mama wanawahi nyumbani, na hawakuulizwa. Nauli na pesa ya chakula hazimo kwenye masta rolo. Kazi ya kipande ina bei moja, ila wanaume wamepewa upande ulio karibu na rundo la mchanga. Mvua ikinyesha, wanaoambiwa warudi kesho ni walewale. Wanawake wanazungushwa kila wiki tatu ili wasifikishe mwezi mmoja mfululizo, maana kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinambadilisha kibarua huyo kuwa mfanyakazi wa mwezi, na akifikisha miezi miwili mfululizo likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo kamili inaingia. Mzunguko huo unaonekana wazi ukiweka masta rolo za miezi minne pamoja na kupaka rangi jina moja.

Kuhusu asilimia 30 ya ununuzi wa serikali inayotengewa kinamama, vijana na watu wenye ulemavu, yaani mpango wa AGPO, kosa kubwa ni la kuhesabu. Sheria inazungumzia thamani ya ununuzi, si idadi ya zabuni. Kaunti yenye bajeti ya ununuzi ya milioni 400 inatakiwa kutenga milioni 120, na kati yake angalau milioni 8 ziende kwa watu wenye ulemavu, kwa sababu wao wana asilimia 2 ndani ya ile 30. Ukitoa oda 300 za chai, karatasi na fulana kwa vikundi, ukatoa barabara tano kwa kampuni kubwa, kwa idadi utaonekana shujaa na kwa thamani hujafika hata asilimia 6. Pia ipo tabia ya kuhesabu kampuni ya mwanamke mwenye miaka 29 mara mbili, kwa kinamama na kwa vijana. Kampuni moja, safu moja. Taarifa hizi hupelekwa PPRA kila miezi 6, na ndipo pa kuziuliza.

Njia ya kufikia thamani hiyo ni kuigawa kazi kubwa mapema, kwenye mpango wa ununuzi kabla ya Julai mosi: mitaro, kalvati, kupanda nyasi na alama za barabarani ziwe zabuni zao. Kanuni za 2020 zinaruhusu kugawa kwa ajili ya makundi haya. Ukigawa katikati ya mwaka bila kuandika sababu, mkaguzi wa hesabu atasema umekwepa utaratibu, na kifungu cha 54 kitakuwa upande wake. Vilevile usiwadai dhamana ya benki ya zabuni. Fomu ya tamko la kudhamini zabuni inatosha, na kuwatoa kwa kukosa dhamana ni kosa ambalo Bodi ya Mapitio ya ununuzi wa umma italirekebisha mlalamishi akifika ndani ya siku 14.

Cheti cha kukodishwa ndicho ugonjwa unaoua mpango huu. AGPO inataka angalau asilimia 70 ya umiliki na uongozi wote uwe wa kundi husika. Kwenye karatasi hilo hutimizwa kirahisi: mke, binti, shamba boy. Angalia CR12 ya karibuni, ile hati ya msajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, kisha uulize vitu ambavyo haviandikwi pale. Nani anasaini benki? Nani alileta bidhaa na kusaini hati ya kupokelewa? Simu iliyo kwenye fomu inapokelewa na nani? Mkurugenzi asiyejua bei ya kalvati moja aliyoinukuu mwenyewe hahitaji uchunguzi mrefu. Kutoa habari za uongo kuhusu sifa zako ni sababu nyingine ya kufungiwa chini ya kifungu cha 41, na hii haihitaji kusubiri ofisi ya leba.

Kwa watu wenye ulemavu, sheria mpya ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za ajira. Watu 40 ni nafasi 2. Usikubali jibu la "kazi ya site haiwafai" kabla ya kuorodheshewa kazi zenyewe: stoo, rejista, kupima mzigo wa malori, bendera kwenye lango. Na mtu hujitaja mwenyewe. Mkaguzi haruhusiwi kuzunguka akikadiria nani ana ulemavu kwa macho.

Jambo moja ambalo maofisi hayapendi kusikia. Mkandarasi mdogo asiyelipwa kwa miezi minane atakata mishahara, na atakata ile ambayo wenyewe hawatapiga kelele. Kaunti inayodai masta rolo iwe tayari kulipa hati iliyo kamili kwa wakati, la sivyo sharti hilo litakuwa kisingizio kingine cha kuchelewesha. Masta rolo ikaguliwe ndani ya siku 5 za kazi. Zikipita bila swali, ihesabiwe imekubaliwa. Hilo nalo liandikwe kwenye mkataba.

Mfanyakazi mwenyewe ana milango mitatu. Ofisi ya leba ya kaunti ni bure, na afisa ana uwezo wa kuingia site na kudai rekodi. Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa hupokea malalamiko bila ada, na ina ofisi Kisumu na Nakuru. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaketi Kisumu, Nakuru na Bungoma, lakini kwa mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi, mahakama ya hakimu inaweza kusikiliza kesi, na hilo huokoa nauli. Madai yafunguliwe ndani ya miaka 3. Aende na jumbe za M-Pesa za miezi yote, picha ya masta rolo kama aliweza kuipiga, majina ya wenzake wawili waliofanya kazi ya kulinganishwa, na namba ya kandarasi iliyoandikwa kwenye bango la mradi. Namba hiyo ndiyo itakayomwezesha afisa wa leba kuiandikia barua ofisi iliyotoa kazi, nakala ikienda kwa afisa wa ununuzi, kabla cheti cha mwisho cha malipo hakijasainiwa na pesa ya kuzuia haijaisha.